Gari kuukuu la kukokotwa: Kagua giaboksi kabla ya kuuliza bei

NA MWANDISHI WETU

KATIKA barabara kuu za Marekani, hususan msimu wa kiangazi, ni jambo la kawaida kuona gari kubwa mithili ya basi likiwa limevuta nyuma yake gari dogo lisilo na dereva.

Gari hilo kubwa ni nyumba ya magurudumu. Ndani yake mna vitanda, jiko, jokofu, choo na bafu, na wenyewe huitumia kuzuru nchi kwa majuma au hata miezi kadhaa bila kulala hotelini.

Hilo dogo linalofuata nyuma halijaharibika, bali linakokotwa makusudi. Wasafiri wakishafika kambini hulifungua, wakalitumia kwenda sokoni, hospitalini au kutalii vijiji vya karibu.

Sababu za kufanya hivyo ni rahisi kuelewa. Nyumba kubwa ya magurudumu aghalabu huenda kilomita tatu au nne tu kwa lita moja ya mafuta. Isitoshe, ni vigumu kuiegesha mjini, na ikishaunganishwa na mifereji ya maji na nyaya za umeme kambini, ni usumbufu mkubwa kuing'oa kila mtu anapohitaji mkate.

Kwa kuwa gari hilo dogo hutumiwa kwa safari fupi fupi, wengi huona hakuna haja ya kununua jipya. Gari kuukuu la bei nafuu latosha. Hata hivyo, si kila gari linaloweza kuvutwa kwa mamia ya kilomita na lifike likiwa zima. Aliyelinunua kwa sababu tu bei yake ilimvutia huenda akajikuta akilipia giaboksi mpya kwa fedha zinazozidi thamani ya gari lenyewe.

Maarifa haya yatawafaa Wakenya wanaoishi Marekani ambao wameanza kuvutiwa na maisha haya ya barabarani. Aidha, yatamfaa msomaji aliye nyumbani, kwani kinachoharibu gari linalokokotwa kule ndicho kinachoharibu gari linalovutwa kwa kamba baada ya kukwama katika barabara ya Nairobi kuelekea Mombasa.

NJIA TATU ZA KUKOKOTA

Kuna njia tatu za kuvuta gari nyuma ya nyumba ya magurudumu. Ya kwanza ni kulipandisha lote juu ya trela. Hii ndiyo salama zaidi kwa gari, kwa kuwa hakuna gurudumu lake linalozunguka. Ila trela yenyewe ni nzito, ni ghali, na kambi nyingi hazina nafasi ya kuiweka.

Ya pili ni kuinua magurudumu ya mbele juu ya kigari kidogo chenye magurudumu mawili, huku ya nyuma yakigusa lami. Njia hii hufaa magari ambayo injini yake huendesha magurudumu ya mbele, kwa sababu yale yaliyounganishwa na giaboksi huwa yameinuliwa na hayazunguki.

Ya tatu, ambayo ndiyo inayopendwa zaidi, ni kulivuta gari likiwa na magurudumu yote manne barabarani. Gari hufungwa kwa mtaimbo maalumu wa chuma wenye umbo la pembetatu. Kulifunga na kulifungua huchukua dakika chache tu na hakuna trela wala kigari cha kutafutia maegesho.

Njia hii ya tatu ndiyo yenye masharti makali zaidi kuhusu aina ya gari, na ndiyo tutakayoizungumzia kwa kirefu.

GIABOKSI NDIYO HOJA KUU

Gari likivutwa, magurudumu yake huzunguka na kuzungusha vyuma vilivyomo ndani ya giaboksi ingawa injini imezimwa. Vyuma hivyo huhitaji oili ili visisagane.

Katika magari mengi yenye gia za otomatiki, oili hiyo husukumwa na pampu inayoendeshwa na injini. Injini ikizimwa, pampu husimama. Vyuma huendelea kuzunguka vikavu, joto hupanda, na baada ya kilomita kadhaa giaboksi huungua. Dereva aliye mbele hatambui lolote, kwa kuwa gari la nyuma halina wa kupiga kelele.

Gia za mkono ni tofauti. Katika nyingi ya giaboksi za aina hii, vyuma huwa vimelala ndani ya oili, na vinapozunguka huirusha na kujilainisha vyenyewe bila kutegemea pampu. Ndiyo maana gari dogo la gia za mkono huwa chaguo la kwanza la mwenye bajeti ndogo. Hata hivyo, mnunuzi asidhani kwamba yote yanakubalika, kwa maana baadhi ya watengenezaji huyakataza.

Kundi la tatu ni la magari yanayoendeshwa na magurudumu yote manne ambayo yana kisanduku cha kugawanya nguvu baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Iwapo kisanduku hicho kinaweza kuwekwa katika gia huru, basi giaboksi hutengwa kabisa na magurudumu na haizunguki hata gari likivutwa siku nzima.

Mamlaka ya mwisho kuhusu suala hili ni kijitabu cha mwongozo kilichotoka kiwandani pamoja na gari. Humo mna sehemu inayoeleza iwapo gari laweza kuvutwa na magurudumu yote yakiwa chini, kwa kasi gani na kwa masharti gani. Muuzaji akikwambia "hili linavutika bila wasiwasi", mwombe akuonyeshe ukurasa.

Ni muhimu kusoma kijitabu cha mwaka uleule wa gari unalolitaka. Mtengenezaji anaweza kubadilisha giaboksi mwaka mmoja na jina la gari likabaki lilelile.

YANAYOSIFIKA

Mfano bora wa mabadiliko hayo ni Honda CR-V. Kwa miaka mingi gari hili lilipendwa mno na wasafiri kwa kuwa liliruhusiwa kuvutwa hata likiwa na gia za otomatiki. Ruhusa hiyo ilikoma na toleo la 2014. Kuanzia toleo la 2015, Honda ilitia giaboksi ya aina nyingine, ile ya mkanda isiyo na hatua za gia, na gari halikuruhusiwa tena kuvutwa kwa magurudumu manne.

Basi watu wawili wanaweza kununua CR-V zinazofanana kwa macho, moja ya 2014 na nyingine ya 2015, na mmoja wao akawa amepata hasara.

Hata hizo za awali zina utaratibu wake. Kabla ya kuondoka, injini huwashwa, gia hupitishwa katika nafasi zote, kisha ikarejeshwa katika gia huru na injini ikaachwa ingurume kwa dakika chache ili oili isambae. Safari ikiwa ndefu, shughuli hiyo hurudiwa. Anayeona uvivu kufanya hivyo atafute gari jingine.

Jeep Wrangler nalo ni kipenzi cha wengi, kwa sababu lina kile kisanduku chenye gia huru. Tatizo lake ni bei: magari haya hayashuki thamani upesi, hata yakizeeka. Mwenye fedha kidogo hulazimika kutafuta ya toleo la 1997 hadi 2006, na hapo shina la kuchunguza ni kutu katika fremu.

Kwa bei ya chini zaidi kuna Geo Tracker, ambalo baadaye liliuzwa kwa jina Chevrolet Tracker hadi 2004. Ni jepesi, na lile la magurudumu manne lina kisanduku cha gia huru. Yaliyosalia sasa ni makongwe na mengi yameliwa na kutu.

Wapo pia wanaosaka Saturn za msururu wa S, zilizoundwa hadi 2002. Zina uzani wa takriban kilo 1,100 na ziliruhusiwa kuvutwa ziwe za gia za mkono au otomatiki. Lakini kampuni ya General Motors iliivunja Saturn mwaka wa 2010, injini za magari hayo zinajulikana kwa kunywa oili, na vipuri vyake vinazidi kuadimika.

Miongoni mwa madogo ya gia za mkono, Honda Fit na Ford Focus yamewafaa wengi. Gia za mkono hazipendwi na madereva wengi wa Marekani, jambo ambalo wakati mwingine humpa mnunuzi nafasi ya kupunguziwa bei.

YA KUEPUKA

Magari mengi ya Toyota yenye gia za otomatiki hayafai kuvutwa kwa magurudumu manne. Prius, ambalo hutumia petroli na umeme, halifai kabisa, kwa maana magurudumu yake ya mbele yameungana moja kwa moja na mota za umeme. Yakizungushwa kwa kasi huku mitambo imezimwa, madhara yake ni makubwa.

Subaru nalo lina mtego wake. Lile la gia za otomatiki halivutwi kwa magurudumu manne. La gia za mkono huvutwa, bora magurudumu yote manne yaguse chini. Kuinua mawili na kuacha mawili yakizunguka huumiza mtambo unaogawanya nguvu katikati ya gari. Kwa hivyo, mwenye kigari cha magurudumu mawili asinunue gari la kuendeshwa na magurudumu yote.

Wako wanaotia pampu ya umeme ya kusukuma oili au kifaa cha kutenganisha ekseli na giaboksi, ili gari lililokatazwa liweze kuvutwa. Vifaa hivyo hufanya kazi, ila huongeza gharama na sehemu nyingine ya kuharibika. Ni afadhali kuanza na gari linalofaa.

PIGA HESABU YA UZANI

Baada ya giaboksi, jambo la pili ni uzani. Nyumba ya magurudumu ina mipaka miwili inayopaswa kuzingatiwa, na ule ulio mdogo ndio unaotawala.

Mpaka wa kwanza ni uwezo wa kiungo cha nyuma kinachoshika mtaimbo. Nyumba nyingi zenye injini ya petroli zina kiungo cha ratili 5,000, yaani kama kilo 2,270. Zile kubwa za dizeli aghalabu huwa na cha ratili 10,000.

Mpaka wa pili ni jumla ya uzani ambao injini, breki na fremu vinaruhusiwa kubeba na kuvuta kwa pamoja. Tuseme jumla hiyo ni kilo 11,800. Ikiwa nyumba yenyewe, baada ya kujazwa maji, mafuta, chakula na watu, ina kilo 10,000, basi kilichobaki ni kilo 1,800 pekee, hata kama kiungo kimeandikwa kilo 2,270.

Honda CR-V ya kilo 1,500 hivi itaingia hapo bila shida. Jeep kubwa lenye milango minne na vikorokoro vya ziada lingeweza kupita kiasi. Njia ya hakika ni kuipeleka nyumba kwenye mizani ya malori ikiwa imepakiwa tayari kwa safari.

BREKI SI ANASA

Wapo wanaosema kwamba nyumba ya magurudumu ni nzito kiasi cha kutohisi gari dogo linalofuata. Huenda ni kweli inapopanda mlima. Inapolazimika kusimama ghafla, gari la kilo 1,500 lisilo na breki huisukuma kutoka nyuma na kuongeza umbali wa kusimama. Hiyo ni tofauti inayoweza kugharimu maisha.

Sheria za majimbo ya Marekani hutofautiana, lakini mengi hutaka kinachovutwa kiwe na breki zake kikizidi ratili 3,000, yaani kilo 1,360. Baadhi ya magari tuliyoyataja yanapita hapo. Kwa sababu hiyo, hutiwa kifaa kinachokanyaga breki za gari la nyuma kila dereva wa mbele anapokanyaga zake.

Sharti pia kuwe na minyororo au nyaya za usalama, pamoja na swichi inayofunga breki za gari la nyuma likichomoka. Taa zake za breki na za kuashiria nazo hazina budi kuwaka pamoja na za mbele.

GHARAMA ZISIZOONEKANA

Mtaimbo wa kukokotea, bamba la chuma linalofungwa mbele ya gari, nyaya za taa na kifaa cha breki vina bei yake. Ukijumlisha na malipo ya fundi, si ajabu gharama hizo zikapita dola 3,000. Kwa gari la dola 5,000, hayo si malipo ya kupuuzwa.

Kwa hivyo, kabla ya kulipia gari lolote, hakikisha kwamba kuna bamba linalotengenezwa kwa ajili ya aina na mwaka wake. Bamba la gari moja halikai kwenye jingine.

Hapa pana nafasi ya kuokoa fedha. Mara kwa mara wazee wanaoacha maisha ya barabarani huuza gari likiwa na vifaa vyote. Gari la namna hiyo, hata likiwa ghali kidogo kuliko wenzake, laweza kuwa nafuu kwa jumla.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

Gari lililowahi kukokotwa lina dalili zake: matundu au bamba chini ya bampa ya mbele, na soketi ya nyaya karibu na nambari ya usajili. Hizo si kasoro, ila zinakupa haki ya kuuliza maswali zaidi.

Usiamini mita ya umbali peke yake. Katika magari mengi mita hiyo haihesabu gari linapovutwa huku limezimwa. Matairi, beringi za magurudumu na springi huwa zimesafiri mbali kuliko tarakimu zinavyoonyesha. Inua gari, zungusha kila gurudumu kwa mkono na usikilize kama linakwaruza.

Chomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, ikiwa gari linacho. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua ni ishara kwamba huenda gari lilikokotwa bila kufuata masharti. Katika gari la gia za mkono, pima klachi kwa kupanda mlima.

Chungulia chini. Katika majimbo ya kaskazini barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hula vyuma. Fremu iliyooza haiwezi kushika bamba la kukokotea, hata injini ikiwa imara vipi.

Mwisho, chukua nambari ya fremu na uitafute katika tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa magari. Huduma hiyo ni ya bure, na huonyesha iwapo gari lina kasoro ambayo mtengenezaji aliagizwa kuirekebisha. Hili si jambo dogo: CR-V na Fit nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa miongoni mwa magari yaliyopatikana na mifuko hatari ya hewa ya kampuni ya Takata. Marekani pekee, mifuko ipatayo milioni 67 iliagizwa kubadilishwa.

WAKATI WA SAFARI

Ukishalifunga gari, mtaimbo unapaswa kulala sawa na ardhi kwa kadiri iwezekanavyo. Ukiinama sana, gari la nyuma laweza kupanda juu ya kiungo wakati wa kufunga breki.

Ufunguo huachwa katika nafasi inayofungua usukani, ili magurudumu ya mbele yafuate kona. Kwa kuwa nafasi hiyo hunyonya betri, baadhi ya magari huhitaji kung'olewa fyuzi fulani. Breki ya mkono nayo iwe imeshushwa; iliyosahauliwa imechoma matairi ya wengi.

Kumbuka vilevile kwamba gari likiwa limefungwa hivyo huwezi kurudi nyuma. Magurudumu ya mbele hujipinda na kuvunja mtaimbo au bamba. Usiingie stesheni ya mafuta kabla ya kuona pa kutokea.

FUNZO KWA ALIYE NYUMBANI

Humu nchini nyumba za magurudumu ni chache, lakini magari yanayovutwa si haba. Mengi ya magari ya mitumba kutoka Japani, yakiwemo Vitz, Fit na Forester, yana gia za otomatiki. Yanapokwama, jambo la kwanza linalowajia wengi ni kamba.

Sasa msomaji anajua hatari iliyopo. Gari la otomatiki la magurudumu ya mbele liinuliwe mbele. Linaloendeshwa na magurudumu yote lipakiwe lote juu ya lori. Ikiwa hapana budi kulivuta kidogo ili kuliondoa barabarani, fuata kasi na umbali uliotajwa katika kijitabu. Injini ikiwa imezimwa, breki huwa ngumu kukanyaga na usukani mzito, hivyo anayeketi ndani awe mtu mzima aliyezoea.

Malipo ya lori la kubebea gari yanaweza kuonekana makubwa siku hiyo. Yalinganishe na bei ya giaboksi, nawe utaona kwamba rahisi ni ghali.